Mwamba wa Bahari Ukipauka, Mkulima Ana Kazi Gani?

Ndugu mkulima, kama shamba lako liko Magarini, Gede, Tezo, Roka au Ngerenya, umezoea kusoma katika kurasa hizi habari za mahindi, mihogo, mikorosho na minazi. Leo nataka tutoke shambani kidogo, twende ufuoni, kisha turudi. Usiniache njiani. Safari yenyewe ni fupi, na mwisho wake ni kwenye jembe lako.

Siku moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa 2024, mzee mmoja wa Magarini alikuja ofisini kwetu. Hakuja kuuliza bei ya mbegu wala habari za dawa ya korosho. Alifungua kikapu chake akatoa kitu kilichozungushiwa kipande cha leso kuukuu. Kilikuwa tawi la tumbawe, jeupe kama chokaa.

"Bwana Karani," akasema, "kijana wangu ni mvuvi, huvua upande wa Malindi. Tawi hili lilinaswa na wavu wake. Anasema huko chini kweupe namna hii, kana kwamba mtu alipita usiku akipaka chokaa. Nifahamishe, huu ni ugonjwa gani?"

Watu walikuwa wengi mlangoni, nami kwa haraka ya kazi nikampa jibu ambalo hata leo lanitia haya. Nikasema, "Mzee wangu, hapa ni kilimo. Mambo ya bahari yana ofisi yake."

Mzee hakukasirika. Alilifunga tawi lake polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mvua kubwa ikinyesha, udongo wa shamba langu huenda wapi?"

Nikanyamaza, maana jibu nilikuwa nalijua. Hushuka korongoni, huingia mtoni, mto huumwaga Sabaki, na Sabaki huufikisha baharini. Mimi kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu, na mwalimu akishindwa na swali hana budi kurudi kwenye vitabu na kwa watu wanaojua zaidi yake. Nilirudi. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nakupa wewe kama nilivyompelekea mzee yule baadaye.

TUMBAWE NI NINI?

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Wengine, wakiona matawi yake, hudhani ni mmea. Kweli ni kwamba tumbawe ni mnyama, au tuseme ni mji wa wanyama. Ni vinyama laini, vingi vyao vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja kina kinywa na mikono midogo ya kukamatia chakula. Kila kinyama hujijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Vizazi hufuata vizazi, vikombe hujengwa juu ya vikombe, na hivyo mwamba huinuka.

Mwamba huo si kitu kigeni kwako. Ukichimba kisima au shimo la choo karibu na pwani, sururu yako hugonga jiwe gumu lenye vitundu. Jiwe hilo lilikuwa mwamba hai chini ya maji, kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Wazee waliojenga mji wa Gede, ambao magofu yake wayaona mpaka sasa msituni, walijenga kwa jiwe la matumbawe na chokaa yake. Hata leo matofali ya jiwe hilo yanachongwa na kuuzwa. Kwa hiyo kinyama hiki kidogo ndicho fundi wa kwanza wa pwani yetu.

Lakini fundi huyu hafanyi kazi peke yake. Chukua mche wa kunde uung'oe taratibu, utazame mizizi. Utaona vifundo vidogo. Ndani ya vifundo hivyo mnakaa vijidudu ambavyo huvuta mbolea kutoka hewani na kuupa mkunde, na mkunde huvipa chakula na makao. Kila mmoja anamfaa mwenzake. Basi tumbawe nalo lina mwenzi wa namna hiyo. Katika mwili wa kile kinyama mnakaa mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho hukitoa kwa mwenye nyumba. Matumbawe mengi hupata hata sehemu tisa katika kumi za chakula chao kwa njia hii. Na ile rangi ya kahawia, kijani au manjano uionayo kwenye tumbawe zima ni rangi ya mwani huo.

Miamba ya matumbawe duniani haienei hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari, lakini kama robo ya aina zote za viumbe wa baharini huishi kwa kuitegemea. Kwetu sisi mwamba ni ghala la kitoweo: tafi, pono, changu, pweza na kamba. Tena ni ukuta. Wimbi kubwa la kusi hupasukia mwambani, na lile lifikalo ufuoni huwa limekwisha nguvu. Bila ukuta huo, minazi mingi ya ufuoni ingekuwa imekwisha kuchukuliwa na maji.

KWA NINI LAGEUKA JEUPE?

Kila mwaka, kaskazi inapokwisha, katika mwezi wa Machi na Aprili, bahari yetu huwa na joto kuliko miezi mingine. Upepo umelegea, maji yametulia, na jua li wima. Kisha kusi huja na mawingu na mawimbi, na maji yakapoa. Tumbawe limezoea mwendo huo. Ila limezoea kwa kipimo chembamba sana. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kuliko yote kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu majuma manne hivi, tumbawe huanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Joto likizidi na jua likiwa kali, yule mwani badala ya kutoa chakula kizuri huanza kutoa sumu. Kinyama kikiona hivyo humfukuza mpangaji wake. Mwani ukitoka, rangi yatoka nao. Ngozi ya kinyama ni kama kioo, basi waona chokaa iliyo chini yake. Ndipo watu husema tumbawe limepauka.

Nataka ulishike neno hili vizuri: weupe si kifo. Tumbawe lililopauka lingali hai, lakini lina njaa. Ni kama mbuzi wakati wa kiangazi. Mvua ikiwahi kunyesha, mbuzi hupona. Ikikawia, hufa. Vivyo hivyo maji yakipoa mapema, mwani hurudi na tumbawe hupata rangi yake. Joto likiendelea majuma mawili mengine, matatu, manne, tumbawe hufa kwa njaa. Dalili ya kufa ni kwamba ule weupe safi hugeuka kuwa uchafu wa kijani na kahawia, kwa sababu majani ya baharini yameota juu ya maiti.

MWAKA WA 1998

Wazee mnakumbuka mvua ya El Nino ya mwisho wa mwaka wa 1997: barabara zilikatika, mashamba yakazama, na Sabaki ukajaa tope jekundu. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto wa shule, ninachokumbuka ni kuvuka maji nikiwa mgongoni mwa mjomba. Mvua ile ilikuwa upande mmoja wa jambo. Upande wa pili ulitokea chini ya maji, na wachache waliuona. Bahari ya Hindi ilipata joto ambalo halikuwa limepimwa kabla ya hapo. Kufika Machi na Aprili 1998 matumbawe yalipauka tangu Kenya na Tanzania hadi Shelisheli, Maldivi na nchi nyingine nyingi. Wataalamu walikadiria kwamba duniani kote sehemu 16 katika kila 100 za miamba ziliharibika vibaya katika mwaka huo na uliotangulia.

Pwani yetu iliumia sana. Sehemu nyingi zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Hata katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa na Serikali mwaka wa 1968 na ambazo ndani yake hakuna ruhusa ya kuvua, matumbawe yalikufa kwa wingi. Joto halina habari na mipaka, wala haliogopi askari wa wanyama.

Baada ya hapo joto limerudi tena na tena. Limerudi mwaka wa 2010, mwaka wa 2016, na mwaka wa 2024. Tarehe 15 Aprili 2024, mwezi ule ule mzee wa Magarini alioleta tawi lake, idara ya bahari na anga ya Marekani ilitangaza kwamba matumbawe yanapauka katika bahari zote kubwa duniani, na kwamba hiyo ni mara ya nne kwa jambo hilo kuenea ulimwengu mzima. Kufika mwaka wa 2025 ilikuwa imejulikana kwamba joto la kupausha lilikuwa limefikia sehemu 84 katika kila 100 za miamba ya dunia, katika nchi zaidi ya 80. Kwa hiyo kijana wa mzee hakuona jambo la Malindi peke yake. Aliona kipande cha Malindi cha jambo la dunia.

MWAMBA HUJIBU VIPI?

Mkulima mzuri huuliza: katika shamba lililopigwa na kiangazi, ni nini kilichosimama? Mwambani nako ni vivyo hivyo. Matumbawe ya matawi membamba, yanayokua upesi, ndiyo hufa kwanza. Yale makubwa ya mviringo, mfano wa chungu kilichofudikizwa, huvumilia zaidi. Hukua polepole, kama sentimita moja kwa mwaka, lakini hudumu. Kwa sababu hiyo mwamba uliopigwa na joto mara nyingi hubadilika sura: matawi yanapungua, na vyungu vinabaki.

Kuna matumbawe ambayo, baada ya kumfukuza mpangaji wa zamani, humkaribisha mwingine wa aina inayostahimili joto. Tena kuna jamii ambazo zimeonekana kujifunza. Wataalamu waliolinganisha miaka ya 1998 na 2016 katika hifadhi za pwani ya Kenya waliona kwamba jamii kadhaa za matumbawe hazikupauka sana mara ya pili kama zilivyopauka mara ya kwanza. Hilo ni jambo la kututia moyo, lakini lisitulaze usingizi. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilisema mwaka wa 2018 kwamba dunia ikipata joto la digrii moja na nusu juu ya lile la kabla ya viwanda, miamba itapungua kwa sehemu 70 hadi 90 katika kila 100. Ikifika digrii mbili, itakayosalia ni michache mno.

Na mahali tumbawe lilipokufa, ni nani atakayeota upya? Hapa ndipo penye shauri lote. Vitoto vya matumbawe huelea majini na kutafuta jiwe safi la kukaa. Wakilikuta jiwe limefunikwa na majani ya baharini, hawapati mahali. Wakilikuta limefunikwa na tope, hufukiwa. Wakilikuta safi, huanza kujenga. Wanaosafisha jiwe ni samaki walao majani: pono, tafi na kangaja. Na kikande naye ana kazi yake, maana hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba myeusi, ambao wakizidi huguguna mwamba mpaka ukavunjika. Kwa hiyo mwamba wenye samaki na maji safi hupona mapema. Mwamba usio na samaki, uliojaa tope, hukawia sana, au haurudi tena.

KITABU KILICHO CHINI YA BAHARI YA MALINDI

Sasa turudi kwenye swali la mzee: udongo huenda wapi?

Katika hifadhi ya Malindi kuna matumbawe makubwa ya ile namna ya chungu, yenye umri wa miaka mia mbili, mia tatu. Kama vile shina la mti lilivyo na pete za kila mwaka, tumbawe nalo lina tabaka zake za kila mwaka. Wataalamu walilitoboa kwa keekee refu, wakatoa kijiti cha jiwe kama mpini, kisha wakakipima tabaka kwa tabaka. Tundu lilizibwa, na tumbawe likaendelea kuishi.

Jambo la kwanza walilosoma ni joto. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2000: kumbukumbu ya miaka 194 mfululizo, inayoonyesha kwamba bahari ya Malindi imekuwa ikipata joto.

Jambo la pili ni udongo, na habari zake zilitangazwa mwaka wa 2007. Udongo uletwao na mto una madini yaitwayo bariamu. Ukifika baharini, madini hayo huyeyuka kidogo, na tumbawe huyatia katika chokaa yake. Mwaka wa tope jingi, bariamu nyingi. Mwaka wa tope chache, bariamu chache. Basi tumbawe la Malindi likasema hivi: toka mwaka wa 1700 hivi hadi 1900, tope la Sabaki halikubadilika sana. Kisha, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, likaanza kupanda na kupanda.

Ni kitu gani kilichotokea? Tazama njia ya mto. Maji ya Sabaki huanzia karibu na Nairobi, ambako mto waitwa Athi. Yapita Ukambani, yakutana na Tsavo, hapo yaitwa Galana, na mwisho yafika kwetu kwa jina la Sabaki. Katika karne ile misitu ilifyekwa, mashamba makubwa yakafunguliwa, na wenyeji wakasongamanishwa mahali padogo na mifugo yao mpaka nyasi zikaisha. Watu waliongezeka, na jembe likapanda vilimani. Kila mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu iliikuta ardhi uchi. Tumbawe likaandika yote hayo kimya kimya, umbali wa mamia ya kilomita kutoka mahali yalipotokea.

Ndugu mkulima, nilipoyasoma hayo niliona haya mara ya pili. Mimi naandika katika daftari la ofisi kwamba shamba fulani limepoteza udongo. Kumbe kuna karani mwingine baharini aliyekuwa akiandika kabla yangu, na daftari lake halifutiki.

JOTO NA TOPE VIKIKUTANA

Si kweli kwamba tope ndilo lililopausha matumbawe mwaka wa 1998 au 2024. Hilo lilikuwa joto. Tena yako matumbawe yaliyozoea tope kiasi, na ndiyo maana Malindi bado ina mwamba ingawa iko jirani na Sabaki. Lakini tope huyadhoofisha kwa njia tatu. Hulikinga jua, na mwani bila jua haupiki chakula. Huanguka juu ya vile vinyama, navyo hutumia nguvu nyingi kutoa ute wa kujisafishia. Na hufunika mawe ambayo vitoto vingekaa.

Sasa fikiri mtu aliyetoka kuugua homa. Ukimpa chakula na maji safi, atainuka. Ukimtwika gunia la udongo kichwani, atainukaje? Joto la dunia latoka zaidi kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi kubwa, na sehemu ya Kenya katika moshi huo ni ndogo sana. Wewe na mimi hatuwezi kuizima bahari kama moto wa kuni. Lakini lile gunia la udongo twaweza kulitua.

Na tukilitua, wa kwanza kupata faida ni wewe mwenyewe. Udongo uendao baharini ni ule wa juu, wenye mboji na mbolea. Nani katika Magarini asiyekijua Nyari pale Marafa? Ni mahali pazuri pa kutazama, na wageni hutoka mbali kuja kupatazama. Lakini hakuna aliyewahi kuvuna gunia la mahindi katika genge la Nyari. Maji yakishaipasua ardhi namna ile, haishonwi.

WATU WA KURUWITU

Usidhani watu wa kawaida hawana uwezo. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe waliona samaki wanapungua na mwamba unakufa. Walianzisha chama chao mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 wakakubaliana kutenga sehemu ya bahari yao, kama hekta 30, asivue mtu ndani yake. Halikuwa jambo jepesi, maana anayeacha kuvua leo hana uhakika wa kesho. Lakini samaki walirudi, na wakizidi ndani ya mpaka hutoka nje, ambako mvuvi huwapata kwa haki. Mwaka wa 2017 chama hicho kilipewa tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wavuvi hao hawakuweza kupoza bahari. Walifanya lile lililokuwa mikononi mwao, na kazi yao ikaonekana.

Wewe bahari yako ni shamba. Basi fanya haya:

1. Lima kwa kukingama mteremko, usilime kwa kushuka nao. Mfereji wa jembe unaoteremka ni njia uliyomchongea mwizi wa udongo.

2. Pima usawa kwa fremu ya A. Chukua fito mbili za urefu sawa, kama mita mbili. Zifunge pamoja juu, miguu ipanuke chini. Funga fito fupi katikati, ikingame. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha fremu, tia kigingi penye kila mguu, na uweke alama pale uzi unapogusa fito ya katikati. Kisha igeuze, miguu ibadilishane mahali kwenye vigingi vile vile, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea na fremu shambani, hatua kwa hatua, ukitia vigingi kila uzi unapotulia kwenye usawa. Watu wawili kwa asubuhi moja huweza kupima sehemu kubwa.

3. Kwenye mstari huo chimba mtaro, na udongo wake uutupe upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, iliyoiponya milima ya Machakos ambayo zamani watu walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa. Juu ya tuta panda vetiva au majani ya nepia. Nepia ni chakula cha ng'ombe pia.

4. Usilime mpaka ukingoni mwa mto au korongo. Acha ukanda wa majani na miti. Mizizi ndiyo saruji ya ukingo.

5. Usichome mabua na majani. Yatandaze shambani, yapokee matone ya mvua kabla ya udongo. Panda kunde kati ya mistari ya mahindi ili ardhi isikae uchi.

6. Kila mti unaoukata kwa makaa, panda mingine, na uitunze mpaka ishike. Mikorosho, miembe na minazi hufunika ardhi na kuleta fedha.

7. Ukikaa karibu na mikoko, kama ile ya Mida, usiikate ovyo. Mikoko huchuja tope kabla halijafika mwambani, tena ni mahali pa kulelea samaki wachanga.

8. Ikiwa wewe au kijana wako huvua wakati wa kiangazi, msitumie juya, ambalo limekatazwa. Wavu wa kukokota chini huvunja tumbawe lililojengwa kwa miaka kumi katika saa moja. Wala msichukue matumbawe hai kwa chokaa au kwa kuuza.

MWISHO

Nilimtembelea mzee wa Magarini kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ule ule. Hizo ndizo mvua za kuogopa, kwa maana kaskazi ikianza kuvuma, maji ya Sabaki husukumwa kuelekea kusini, upande wa mwamba wa Malindi. Nilimpelekea majibu yangu yote, na pamoja nayo nilimwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwanangu, karani asiyejua akakubali kuuliza, huyo ni karani mzuri."

Kisha tukapima shamba lake, yeye akishika mguu mmoja wa fremu na mimi mwingine. Yule kijana mvuvi alitia vigingi. Mvua ilipokuja, mitaro miwili ilishika vizuri na wa tatu ukapasuka, kwa sababu tuliharakisha na kuuchimba mfupi. Waliuziba upya, wakapanda majani.

Siwezi kukuambia kwamba kwa mitaro ile tumbawe moja limepona. Sabaki ni mkubwa, na mashamba yako maelfu. Lakini tope jingi la Sabaki hutoka katika mashamba na malisho ya watu, moja moja, kama lako na lake. Joto litarudi Machi moja, hilo hatuna njia ya kulizuia hapa kwetu. Litakapoondoka, tumbawe litakuwa na njaa, likingojea maji safi. Basi kabla ya mvua ijayo, nenda shambani ukatazame mahali maji yanapotokea. Kama huna fremu, fika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe uombe kuonyeshwa. Na kama karani atakuambia kwamba mambo ya bahari si ya ofisi hiyo, muulize swali la mzee.